Maswali ya wasomaji: Kingamwili ya enolasi ya misuli, na ile bendi ya 47 inayotudanganya

Toleo lililopita niligusia vimeng'enya vya glaikolisisi nikapita haraka kwenye habari ya kingamwili, nikadhani nimemaliza. Wapi. Barua zimekuja mpaka mhariri kanipigia simu anauliza enolasi ni nini. Haya, leo ukurasa wote ni wa enolasi, barua ndefu nimezikata na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, kazi yangu ni misuli ya panya. Msimamizi kanipa tyubu ndogo sana imeandikwa anti-ENO3, akasema "anza na hii", akaondoka zake. Naona aibu kumuuliza hii kitu kwanza inafanya nini. Naomba unielezee taratibu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na aibu iache, wengi wanaotumia hizo tyubu hawajawahi kuuliza hilo swali na kazi zao zinaonyesha.

Tuanze na kimeng'enya chenyewe. Sukari ikiingia kwenye seli inavunjwa kwa hatua 10, hiyo ndo glaikolisisi, na enolasi anakaa hatua ya 9. Anachofanya ni kitu kidogo tu, anachukua 2-fosfogliserati anaitoa molekuli moja ya maji, inabaki fosfoenolpiruvati, ambayo fosfati yake iko tayari kuruka muda wowote, na hatua inayofuata inarukia kwenye ADP unapata ATP, ile nishati inayotumiwa na seli. Bila magnesiamu hafanyi kazi. Aligunduliwa mwaka 1934 na Lohmann na Meyerhof, waliokuwa wakifanya kazi na majimaji yaliyokamuliwa kutoka kwenye misuli, kwa hiyo hii habari ya misuli na glaikolisisi ni ndugu wa siku nyingi. Na enolasi ushakutana naye hata kama hujui: ukienda kupimwa sukari, damu ikawekwa kwenye kile kichupa cha kifuniko cha kijivu, mle ndani kuna floridi, na floridi kazi yake ni kumfunga enolasi mikono ili seli za damu zisiendelee kula sukari kabla ya kipimo.

Sasa enolasi wako watatu. Alfa yuko karibu kila mahali mwilini, jeni yake ni ENO1. Gama ni wa seli za neva, ENO2. Beta ni wa misuli, ENO3, huyu ndo wako. Misuli inapokuwa changa kwenye mimba inatumia alfa zaidi, ikikomaa inahamia kwa beta, na kwenye misuli ya mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya kazi ya enolasi ni ya beta.

Kingamwili iliyo kwenye tyubu yako ni protini yenye umbo la Y, ncha za mikono yake miwili zimechongwa zishike kipande kidogo cha ENO3, asidi amino (zile shanga zinazounda protini) chache tu. Yenyewe haiui kimeng'enya wala haikizimi, inashika tu, na wewe unatumia huko kushika kujua ENO3 ipo wapi na ipo kiasi gani. Lakini shika neno hili maana barua zote zinazofuata zinarudi hapohapo: kingamwili haisomi lebo. Inashika chochote kinachofanana na kile ilichofundishwa, na lebo ni maneno ya aliyeiuza. Kwa mgeni, kazi yenyewe inakwenda hivi: protini za nyama zinapitishwa kwenye jeli inayozipanga kwa ukubwa, kila sampo kwenye njia yake, ndo lane, kisha zinahamishiwa kwenye utando mwembamba unaoloweshwa kwenye kingamwili. Juu yake inafuata kingamwili ya pili, inayoshika ile ya kwanza na kubeba peroksidasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga. Panapowaka panatokea mstari, ndo bendi, na ukubwa wake unasomwa kwa kilodaltoni, enolasi anakaa kwenye 47.

SWALI: Hujambo mwandishi. Mimi nina kingamwili ya ENO3 ya sungura, poliklonali, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi za mnyama mmoja. Kwenye misuli napata bendi safi kabisa kwenye kilodaltoni 47 kama ilivyoandikwa. Tatizo niliweka ubongo kama kontroli hasi, yaani sampo isiyotakiwa kutoa kitu, na ubongo nao umetoa bendi, palepale 47, hafifu kidogo. Mwenzangu anasema niiache hiyo lane isionekane kwenye picha. Unasemaje?

JIBU: Sijambo. Nasema mwenzako asikusaidie tena kupanga picha.

Hiyo bendi ya ubongo ndo habari nzuri kuliko zote kwenye utando wako, imekuambia kitu mapema kabla hujaandika. Angalia: hao enolasi watatu kila mmoja ana asidi amino 434 hivi, uzito wao wote unacheza kwenye kilodaltoni 47, na mpangilio wa alfa na beta unafanana kwa zaidi ya asilimia 80. Yaani ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, urefu mmoja, na umewapitisha kwenye jeli inayopanga watu kwa urefu tu. Jeli haiwezi kukutenganishia. Kazi yote ya kutenganisha umeiachia kingamwili, na kingamwili kama ilitengenezwa kwa kumchoma sungura protini nzima ya ENO3, basi sehemu kubwa ya kingamwili zilizomo kwenye seramu yake zinashika zile sehemu ambazo ndugu wote wanazo. Ubongo umejaa gama na alfa. Umepata ulichotakiwa kupata.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, chukua ile karatasi iliyokuja na tyubu (najua imetupwa, itafute kwenye tovuti yao) uangalie walitumia nini kumchanja mnyama. Kama ni protini nzima, ngoja ndugu waje. Kama ni kipande kifupi, peptaidi, angalia kipande hicho kipo wapi kisha ukiweke mwenyewe sambamba na ENO1 na ENO2, herufi kwa herufi, ni kazi ya dakika kumi na kompyuta inakufanyia. Ukikuta herufi zinatofautiana nne tano hivi, hapo kuna matumaini. Ukikuta zinafanana zote isipokuwa moja, wameuza jina tu.

Kitu cha pili, unaweka nyingi mno. Enolasi kwenye misuli ni tele, siyo protini ya kutafutwa kwa tochi. Watu wanaweka mikrogramu 30 kwa kila kisima (tundu la jeli) kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kwa protini nyingine, matokeo yake bendi inaungua, ukiiangalia vizuri katikati ni nyeupe na pembeni nyeusi, ile ni peroksidasi imemaliza chakula chake chote, na bendi ya namna hiyo haikuambii lolote kuhusu kiasi. Anza na mikrogramu 5, hata chini ya hapo, na kingamwili yako izimue zaidi. Ile hafifu ya ubongo inaweza kupotea kabisa, na ikipotea kwa kuzimua halafu ya misuli ikabaki imara, angalau umejua inampenda nani zaidi. Ila usiseme imethibitika, hapana, imependelea tu.

Uthibitisho wenyewe ni huu: nunua au omba protini tatu zilizotengenezwa kwa bakteria, alfa, beta, gama, ziweke pembeni kwa pembeni kwa kiasi kilekile, uone kingamwili inashika ipi. Kama maabara yenu inafuga seli za C2C12, zile za misuli ya panya, chukua zikiwa bado changa zinagawanyika na uchukue nyingine baada ya siku kadhaa kwenye seramu ya farasi asilimia 2 zikishaungana kuwa nyuzi, beta inatakiwa ipande. Na kama kuna mtu ana seli ambazo jeni ya ENO3 imefutwa, mpigie magoti, hiyo ndo kontroli ambayo hakuna anayebishana nayo, ila zianzie kwenye seli zilizokuwa na beta, ukifuta kitu ambacho hakikuwepo utajipongeza bure.

Kwamba ndugu hawa wanatenganishika kwa kingamwili, wanatenganishika. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walieleza mgonjwa wa kwanza kujulikana mwenye upungufu wa enolasi ya misuli, mwanamume wa miaka 47 (ndiyo, 47, na mimi nilicheka), kazi ya enolasi kwenye misuli yake ilikuwa asilimia 5 hivi ya kawaida. Kingamwili zao zilionyesha beta imepungua vibaya sana wakati alfa ipo kawaida. Sasa fikiria wangekuwa na tyubu yako. Wangeona bendi kwenye 47, inatoka kwa alfa, wangesema mgonjwa ni mzima wamrudishe nyumbani.

Hiyo lane ya ubongo iache kwenye picha.

SWALI: Mambo! Natumia kingamwili ya ENO3 monoklonali (ya aina moja tu) ya panya kwenye misuli ya panya, jeli ya kawaida. Mwalimu wetu ananisumbua kila siku nifanye utando mmoja na kingamwili ya pili peke yake bila ya kwanza. Bendi yangu iko vizuri, naona ni kupoteza muda na pesa. Kuna haja kweli?

JIBU: Poa. Kaa chini nikusimulie, maana hapo ulipokaa mimi nilishakaa wiki saba.

Nilikuwa na panya waliokimbizwa kwenye gurudumu na wengine waliokaa tu. Kingamwili yangu monoklonali, imetoka kwa panya, kama yako. Bendi ilitoka nzuri mno, waliokimbia nene, waliokaa nyembamba, kila mara, narudia inarudi vilevile. Nikaanza kuandika kwamba mazoezi yanapandisha enolasi ya beta. Nikamwonyesha kila mtu. Siku moja jioni nimechoka nikamimina bafa tupu kwenye kiboksi kimoja badala ya kingamwili ya kwanza, sikujua, nikaendelea na kingamwili ya pili, nikaosha mara tatu kama kawaida, nikapiga picha. Bendi zikatoka. Nene kwa waliokimbia, nyembamba kwa waliokaa. Nikaenda kwenye friji nikakuta tyubu yangu ya kwanza imejaa vilevile kama nilivyoiacha asubuhi, nikasimama pale na mlango wa friji wazi sijui niucheke au niufunge.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Kingamwili ya pili inafundishwa kushika kingamwili yoyote ya panya. Misuli ya panya ina damu, na damu ya panya imejaa kingamwili za panya mwenyewe. Ukichemsha sampo na merkaptoethanoli, kemikali inayokata viungo vya protini, kingamwili inaachana vipande, mnyororo mzito kilodaltoni 50 na mwepesi 25. Hebu angalia, 50. Enolasi 47. Kwenye jeli fupi iliyokimbizwa haraka hakuna macho ya kutofautisha hivyo viwili. Na waliokimbia misuli yao niliikata ikiwa bado imejaa damu nikaigandisha hivyohivyo, kwa hiyo wiki saba nilikuwa napima damu.

Kwa hiyo ndiyo, kuna haja. Kata kipande kidogo cha utando, lane mbili tu zinatosha, si lazima jeli nzima. Ukiona kitu kwenye 50 na kingine kwenye 25 bila kingamwili ya kwanza ujue ni wale wale. Namna ya kutoka: tafuta ENO3 ya sungura utumie na kingamwili ya pili ya kushika sungura, hapo damu ya panya haikuhusu. Au tumia kingamwili ya pili inayoshika mnyororo mwepesi peke yake, kelele, yaani bendi ya uongo, ihamie 25 mbali na ulipo. Au ile ya kwanza ambayo imeshaunganishwa na peroksidasi moja kwa moja, huhitaji ya pili kabisa. Na safisha damu kwenye misuli kabla ya kugandisha, hiyo ni bure.

Mwalimu wenu mpe salamu zangu.

SWALI: Mwalimu, lodingi kontroli yangu, ile protini ya kuhakikisha kila lane imepata kiasi sawa, ni GAPDH, kila mtu hapa anaitumia. Ipo sawa kwa ENO3?

JIBU: GAPDH ni hatua ya 6 ya hiyohiyo glaikolisisi unayoichunguza! Unampima mtoto wa nyumba kwa kumlinganisha na kaka yake anayekula sahani moja. Misuli ikibadilisha namna inavyotumia sukari, wote wawili wanaweza kupanda pamoja, ukigawanya unapata moja, unasema hakuna kilichobadilika. Aktini ya 42 na tubulini ya 50 nazo zinakaa karibu mno na 47 ukitaka kuziweka kwenye utando uleule. Mimi napaka rangi ya Ponceau S kabla ya kuziba (kufunika sehemu tupu za utando kingamwili isijishike ovyo), utando wote unageuka mwekundu na unaona protini zote za kila lane kwa macho yako, napiga picha, naosha, naendelea. Ukitaka protini moja kabisa basi vinkulini, iko juu huko karibu na 120, haigombani na mtu.

SWALI: Habari. Nina bajeti ya kununua mara moja tu. Ninunue monoklonali au poliklonali?

JIBU: Njema. Swali zuri ila limekosa mtoto wa tatu, rekombinanti.

Poliklonali ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi za mnyama mmoja, zinashika sehemu tofauti za protini, kwa hiyo ishara inakuwa kubwa na hazisumbuliwi sana na protini iliyoharibika umbo. Ubaya ni kwamba sungura anakufa. Akifa, sungura mwingine anachanjwa, tyubu inakuja na jina lilelile, namba ya katalogi ileile, lakini ndani ni mtu mwingine. Umefanya kazi mwaka mzima, tyubu imeisha, unaagiza nyingine, ubongo unaanza kutoa bendi. Ndo maana kila mara uandike namba ya loti kwenye daftari, siyo namba ya katalogi tu.

Monoklonali ni kingamwili ya aina moja kutoka kwenye ukoo mmoja wa seli, mbinu ya haibridoma ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975, wakapata Nobel mwaka 1984 pamoja na Jerne. Inashika sehemu moja tu, kwa hiyo kwa ndugu wanaofanana kama enolasi ndo yenye nafasi nzuri ya kubagua, ikiwa sehemu hiyo moja ni ile inayotofautiana. Ikiwa ni ile wanayofanana, basi itawashika wote watatu kwa uaminifu mkubwa maisha yake yote. Monoklonali siyo neno lenye maana ya "sahihi", watu wanachanganya hapo.

Rekombinanti mpangilio wake unajulikana na inatengenezwa upya kutoka kwenye huo mpangilio, loti ya leo na ya miaka kumi ijayo ni kitu kilekile. Mimi kwa pesa ya mara moja ningetafuta rekombinanti ya sungura iliyopimwa kwenye seli zilizofutwa ENO3, na ningemuuliza muuzaji picha nzima ya utando, siyo kile kipande walichokikata kinaonyesha bendi moja imekaa kama picha ya pasipoti. Na ukiandika ripoti weka namba ya RRID, kitambulisho cha kudumu cha kila kingamwili, ili mwenzako ajue ulitumia ipi hasa.

SWALI: Kingamwili yangu ilifanya kazi vizuri mara nne sasa imekufa. Naitoa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, naiyeyusha, natumia, narudisha. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwenye "narudisha". Kila ikiganda na kuyeyuka kingamwili kadhaa zinakunjamana na kushikana. Siku ya kwanza ilipofika ungeigawa kwenye vityubu vya mikrolita 10 kumi hivi, ukatoa kimoja kimoja. Kama imekuja na gliserini asilimia 50 iweke nyuzi 20 chini ya sifuri, pale haigandi, ndo maana waliitia gliserini, wewe ukaipeleka kwenye 80 ukaigandisha kwa nguvu. Ya kutumia wiki hizi mbili tatu ikae friji ya kawaida. Watu wengine wanaongeza azidi ya sodiamu isiote ukungu, sawa, ila ni sumu kwako, na usiitie kwenye ile iliyounganishwa na peroksidasi maana azidi inaizima peroksidasi, utakaa unangoja mwanga usiokuja.

SWALI: Mimi siyo mtu wa maabara. Nikikimbia au nikibeba mzigo misuli inauma sana na kukaza, imekuwa hivyo miaka. Nimesoma mtandaoni kuhusu upungufu wa enolasi. Je naweza kununua hii kingamwili nijipime au inatibu?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hapana, na hapana. Hizi tyubu zimeandikwa za utafiti tu, hazijapimwa kwa ajili ya kumpima mgonjwa wala haziingii mwilini. Umeona hapo juu zinavyotudanganya hata sisi tunaozishika kila siku.

Na huo upungufu wa ENO3 ni adimu sana, maumivu ya misuli yana sababu nyingine nyingi zilizo za kawaida zaidi, zikiwemo dawa ambazo mtu anatumia. Nenda kwa daktari umweleze hasa inauma lini: mwanzoni mwa kukimbia au baadaye, siku zote au ukiwa na njaa. Anaweza kuanza na kipimo cha damu cha kreatini kinasi, kimeng'enya kinachovuja misuli ikiumia, na akishuku tatizo la namna hii kuna kipimo cha kukaza mkono wakaangalia kama laktati inapanda, kwa wenye glaikolisisi iliyokwama haipandi au inapanda kidogo, halafu kipimo cha jeni. Ila kitu kimoja usingoje miadi: mkojo ukitoka mweusi kama kokakola baada ya kazi nzito, nenda hospitali siku hiyohiyo, hiyo ni misuli inavunjika na figo zinaweza kuumia.

SWALI: La haraka mwalimu. Kingamwili yangu ya ENO3 inafanya kazi kwenye utando, nikiweka kwenye vipande vya misuli vilivyohifadhiwa kwenye parafini sioni kitu, au naona kila kitu. Kwa nini?

JIBU: Kwenye utando protini imechemshwa na sabuni imenyooka kama kamba, kwenye kipande bado imekunjwa na fomalini imeifunga mafundo. Sehemu inayoshikwa inaweza kuwa imejificha ndani. Chemsha vipande kwenye bafa ya sitrati pH 6 kama dakika 20, vipoe vyenyewe usivimwagie maji baridi, kisha ujaribu. Ikigoma jaribu vipande vya kugandisha, na ikigoma huko pia basi hiyo ni kingamwili ya utando tu, zipo.

Ikikubali, misuli yenyewe itakuambia kama unaona kitu cha kweli. Kata kwa upana, uangalie kwenye hadubini: nyuzi za kasi zina beta nyingi kuliko za polepole, kwa hiyo unatakiwa uone kama vigae vya sakafu, kimoja kimekolea, cha jirani kimepauka, vimechanganyika. Weka kipande cha pili kinachofuatana nacho ukipake kingamwili ya miosini ya polepole, protini ya nyuzi za polepole, vile vilivyopauka ndo vinatakiwa viwake. Ukikuta nyuzi zote zimekolea sawasawa, na kuta za mishipa ya damu nazo zimekolea, rudi kwenye barua ya pili uanze na ubongo.